Mdondoko wa Kumi na Tisa

JUMATANO. SAA 4:10 ASUBUHI.

"Pembe!" alifoka Mzee Kuang. "Wiki saba nangoja pembe!"

Akapiga meza. Bakuli la tambi likaruka, mchuzi ukamwagikia ramani. Hakuna aliyethubutu kuufuta.

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha mgahawa wa tambi, mji wa Chang'an, kusini mwa China, mtaa wa wachonga kalibu za kumiminia plastiki. Mbele, wateja walifyonza tambi zao bila habari. Nyuma palinuka sigara, pilipili na hasira. Kuang ndiye mwenye mchongo. Alishafungwa mara mbili, na aliapa kwamba ikija ya tatu atafungwa mtu mwingine. Biao alikuwa mikono yake: shingo nene, maneno machache. Wa tatu ni Tang Xiuzhu, mwanamke aliyesugua kalibu za chuma kwa miaka kumi na miwili, mpaka vidole vyake vikajua kuona.

Mzigo wenyewe ulienea kiganjani. Mashine ya michezo ya watoto, mpya, haijafika sokoni. Mnunuzi wa Kuang kule Huaqiangbei, soko la vifaa vya umeme, hakutaka mashine, alitaka gamba lake la nje. Lakini si gamba lolote. Alitaka lile la mwisho, lililofaulu majaribio yote na kupigwa lakiri, pamoja na michoro yake. Akilipata sasa, bandia ingekuwa madukani kabla ya halisi.

Tatizo ni kwamba gamba halikufaulu. Kiwandani waliidondosha mashine mara ishirini na sita juu ya bamba la chuma, kutoka kimo cha kifua. Pande sita, kingo kumi na mbili, pembe nane. Kumi na nane za kwanza ilipita salama salimini. Ya kumi na tisa, pembe ya kwanza, kaa! Ufa. Wabunifu wakarudi mezani, wiki ikaenda. Likaja gamba jipya, na ufa ule ule. Kuiba gamba la namna hiyo ni sawa na kuiba yai viza.

Basi wakangoja. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini wahenga hao hawakuwahi kukaa wiki saba chumba kimoja na Biao akibangua mbegu za tikiti.

"Dogo wako wa kiwandani anatuzingua," Biao alisema, akatema ganda.

"Anasema anachokiona," Xiuzhu akajibu.

"Wiki saba anaona ufa tu?"

"Kama wewe unajua kubuni gamba, nenda kawasaidie."

"Nyamazeni!" Kuang aliweka kidole kwenye ramani, katikati ya mchuzi. "Kesho tunaingia. Saa sita na dakika arobaini mchana wanazima taa, kiwanda kizima kinalala, mkurugenzi mpaka mfagizi. Saa moja kamili ya usingizi. Mlinzi wa getini naye kichwa mezani. Biao, wewe ni mleta maji. Toroli, chupa kubwa, sare. Zhu, wewe msaidizi wake. Ngazi ya nyuma, roshani ya majaribio, kabati la kijivu. Ufunguo tunao. Zhu analipapasa gamba. Akisema ndilo, mnatoka. Dakika kumi na mbili. Mimi nipo nje na gari."

"Na likiwa bado halijapita?"

"Nitalichukua hivyo hivyo! Mnunuzi kanipa mpaka kesho jioni. Nimechoka kungoja kitu kidondoke kisivunjike. Nimechoka, unasikia?"

Walimsikia mpaka wafyonza tambi wa mbele.

Xiuzhu hakuondoa macho usoni pake. "Na Yonghe, Mzee? Tulikubaliana. Mdogo wangu haguswi."

"Yonghe atakuwa kalala na wenzake."

"Haguswi."

"Neno langu ni neno," alisema Kuang, akiwasha sigara nyingine.

JUMATANO. SAA 12:50 JIONI.

Peng Yonghe alikula kichwa cha samaki kwa pilipili kama mtu aliyetoka kifungoni. Umri wake miaka ishirini na sita, kazi yake kiwandani kudondosha vitu. Siku nzima anainua, anaachia, anaokota, anaandika. Xiuzhu ndiye aliyempeleka kwa Kuang, kwa maneno haya: ni kuchungulia tu, mdogo wangu, utatuambia limepita lini, basi. Tangu siku hiyo hakuwa na usingizi mzuri.

"Dada," Yonghe alisema, mdomo umejaa. "Imepita."

"Nini?"

"Gamba. Zote ishirini na sita. Joto, baridi, jasho, vitufe, kila kitu. Wameipiga lakiri."

"Lini?"

Akameza. "Jumatatu."

Xiuzhu aliweka vijiti chini polepole. "Jana ulimwambia Mzee bado."

"Ndiyo."

"Kwa nini, mwehu wewe? Unajua yule mzee akikasirika anafanya nini?"

Yonghe alichovya kidole kwenye mchuzi akachora mezani: kona, na ndani ya kona mstari mmoja mwembamba.

"Wabunifu walikuwa wanaongeza unene," alisema. "Kila wiki unene. Nikawaambia, mimi, Dada, mdondoshaji, nikawaambia tatizo si unene. Pembe imekakamaa, haina pa kupeleka mshindo. Wekeni ubavu mwembamba hapa, uunyonye. Injinia Wen akanitazama. Nikajua leo nafukuzwa. Akasukuma karatasi, akasema: chora."

"Akasema chora?"

"Nikachora. Na Jumatatu nikaidondosha mwenyewe. Ya kumi na tisa nilifumba macho." Alicheka, na macho yake yaling'aa. "Jina langu liko kwenye mchoro, Dada. Chini, kwenye kisanduku cha marekebisho. Peng Yonghe."

Peng lilikuwa jina la mjomba. Yonghe alizaliwa wakati mtoto wa pili ni kosa, wakamwandikisha nyumbani kwa kaka wa mama, kijiji cha mbali, na hajawahi kuandikwa kwao. Kwenye karatasi, yeye na Xiuzhu hawakuwa ndugu. Xiuzhu alimlea mgongoni, akamfundisha kujificha chini ya kitanda wageni wakija. Na sasa anamwambia jina lake limeandikwa mahali, na limeandikwa kwa sababu amefanya jambo jema. Xiuzhu aliona fahari, na hapo hapo akataka kumzaba kofi.

"Mwambie Mzee haijapita," Yonghe alisema. "Mwambie haitapita kamwe. Atachoka."

"Ameshachoka. Kesho wanaingia, iwe imepita isiwe."

"Basi watakuwa wananiibia mimi."

"Ramani uliwachorea wewe, Yonghe."

Akainamisha kichwa. Samaki akapoa.

"Sikiliza," Xiuzhu alisema. "Kesho wakizima taa, jifunike uso ulale. Usiamke hata dunia ipasuke. Ukiamka yatakuwa yamekwisha, na baada ya hapo hutamwona Kuang tena. Nakuahidi."

"Utaniahidije kitu cha mtu mwingine?"

Xiuzhu akaita bili. Usiku ule alimpigia Kuang, akamwambia limepita, leo hii hii. Ya Jumatatu aliyameza.

ALHAMISI. SAA 6:38 MCHANA.

Kuang aliegesha gari nyuma ya ukuta wa kiwanda. Alikuwa mchangamfu mno.

"Mvumilivu hula mbivu," alisema.

Biao akacheka. Biao kucheka ilikuwa habari, na Xiuzhu hakuipenda.

SAA 6:40.

Taa zikazimika.

SAA 6:44.

Mlinzi wa getini alikoroma juu ya daftari la wageni. Walipita na toroli, magurudumu yamefungwa vitambaa.

Ndani kulikuwa giza la mapazia. Watu mia mbili wamelala, wengine juu ya meza zao, wengine kwenye mikeka na vitanda vya kukunja, viatu vimepangwa pembeni. Huyu ana mto wa shingo, yule kajifunika koti la kazi. Kati ya mikeka kulikuwa na njia moja pana iliyotandikwa mabamba ya chuma, mahali pa kupitisha mizigo, haina mtu. Xiuzhu alipita akitazama miguu yake. Alimwona Yonghe safu ya tatu, kajifunika uso kama alivyoagizwa. Kifua chake kilipanda na kushuka haraka mno kwa mtu aliyelala.

SAA 6:49.

Ngazi ya nyuma. Roshani ya majaribio ilining'inia juu ya ukumbi, ghorofa nzima na zaidi, na uzio wa chuma uliofika kiunoni ukiizunguka. Kabati la kijivu likafunguka bila ubishi. Sanduku, lakiri nyekundu, michoro, karatasi yenye saini tatu. Ya mwisho ilikuwa ya Yonghe, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Xiuzhu alikata lakiri, akaitoa mashine. Akafungua kifuniko cha betri, akaingiza kidole mpaka konani. Uleule. Ubavu mwembamba, laini, mahali pake hasa. Alikuwa amesugua maelfu ya kalibu na hakuwahi kukuta kitu kidogo kilichokaa vizuri namna ile.

"Ndilo?" Biao alinong'ona.

"Ndilo."

Biao aliitia michoro kwenye mfuko. Kisha akatoa kitu kwenye soksi yake, akakitupa ndani ya kabati. Kitambulisho cha kazi. Picha ya Yonghe ikitabasamu.

"Hiyo nini?"

"Tumemchomoa jana, alipotoka kula na wewe."

"Nimekuuliza ni nini!"

"Punguza sauti. Tukitoka, Mzee anapiga simu getini. Mwizi wenu ni Peng Yonghe. Wao wakimtafuna huyo, sisi tuko Huaqiangbei." Aliinua mabega. "Alitungojesha wiki saba, Zhu. Mzee anasema lazima mtu alipe muda wake."

Xiuzhu alinyoosha mkono kuchukua kitambulisho. Kisu cha Biao kilikuwa kimeshafika ubavuni pake.

"Kiache. Tembea."

"Alisema haguswi."

"Nani kamgusa? Tembea."

SAA 6:53.

Akatembea. Biao nyuma, kisu nyuma, mashine bado mkononi mwa Xiuzhu. Hasira yake haikuwa juu ya Kuang peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, naye ndiye aliyeivaa nguo hiyo na kumvalisha mdogo wake. Wiki saba alilinda maneno ya mwizi kama hati ya serikali. Akipiga kelele, kisu kitaingia kabla ya neno kutoka. Akinyamaza, jioni hii Yonghe atakuwa chumba cha mahojiano, na jina lake litaandikwa tena, mahali pengine.

Ngazi ilikuwa hatua sita mbele. Chini, kulia, njia ya mabamba ya chuma ilionekana tupu.

Alinyoosha mkono juu ya chuma cha roshani. Akaiachia mashine.

Mlio wake ulikuwa kama risasi ndani ya pipa. Ukapiga ukuta huu, ukarudi ule. Watu mia mbili wakaketi kwa pamoja. Mtu akapiga yowe, mwingine akawasha taa.

"Mwizi!" Xiuzhu alipaza sauti, kisu kikamchana ubavu. "Mwizi huku juu!"

Biao alimsukuma, akakimbilia ngazi. Kule chini aligongana na toroli lake mwenyewe, chupa za maji zikaviringika, na wanaume wanne wenye soksi wakamkalia. Nje ya ukuta gari liliunguruma, likaondoka. Mzee Kuang, aliyesubiri wiki saba, hakusubiri dakika.

SAA 6:58.

Walinzi walimshusha Xiuzhu mikono nyuma. Damu ilimtiririka mpaka kwenye suruali. Ukumbi mzima ulisimama ukimtazama, nywele timutimu.

"Kitambulisho kile kabatini nimemwibia mwenyewe mgahawani," alimwambia mlinzi mkuu kabla hajaulizwa. "Mfanyakazi wenu mmoja. Alikuwa anakula, hakuona. Na ufunguo nilichonga."

"Mfanyakazi gani?"

"Nitajuaje? Yumo humu."

Biao, uso sakafuni, aligeuza jicho moja kumtazama, akalifumba. Atasema au hatasema, hiyo ilikuwa ya kesho.

Yonghe alikuwa ameshafika kwenye njia ya chuma. Alipiga magoti akaiokota mashine. Labda hakujua anafanya nini, ilikuwa mazoea ya mikono: inua, geuza, tazama pembe. Pembe moja, mbili, zote nane. Hakuna ufa. Ghorofa nzima, na hakuna ufa. Akabonyeza, ikawaka.

Ndipo alipoinua uso akamwona anayeshikwa. Midomo yake ikaanza kuumba neno, na Xiuzhu alilijua neno hilo, ndilo la kwanza alilomfundisha kusema.

"Unatumbua macho nini, wewe?" alimkaripia. "Hujaona mwizi?"

Neno likakwama.

Mlinzi mkuu aliwatazama wote wawili. "Peng. Unamfahamu huyu mama?"

Yonghe aliishika ile mashine kwa mikono miwili. Alimtazama dada yake, damu yake, na macho yake makali yaliyokuwa yanamwamuru kama zamani wageni walipobisha hodi.

"Simfahamu," alisema.

"Una hakika?"

"Simfahamu kabisa."

Xiuzhu akashusha pumzi. Walipomvuta kuelekea mlangoni alikwenda bila kugeuka, akiwahimiza walinzi watembee upesi, kwa sababu alishaanza kusikia nyuma yake mtu akilia.