Tundu la Printa

Kila Jumamosi asubuhi, akishaosha vyombo, Nasima alikuwa akivuka barabara kwenda karakana ya baba yake pale Voi. Fundi Miraj alianza kwa kutengeneza redio, lakini mwaka huo wa 1998 watu walikuwa wameanza kumletea kompyuta za kukunja, kuukuu, zilizochoshwa maofisini. Nasima alikuwa darasa la saba, na kazi yake ilikuwa kupima matundu ya pembeni: la kipanya, la kibodi, la printa. Kila tundu alichomeke waya wake, aone kama linafanya kazi, kisha atie alama kwenye karatasi.

"Usiyatazame kwa macho tu," baba yake alizoea kumwambia. "Tundu zima na tundu bovu hufanana."

Jumamosi moja ilikuwa zamu ya kompyuta ya Mwalimu Wakio wa kijiji cha Rukanga. Nasima alipima kipanya, akapima kibodi. Printa ya kupimia ilikuwa nzito, nayo imezibwa na maboksi huko nyuma. Mara binamu yake Aliya akachungulia mlangoni.

"We Nasima, wenzio washaanza kupakwa hina! Bibi harusi akuulizia wewe."

Nasima akaiangalia printa, akaiangalia karatasi. Akatia alama, akaenda zake harusini.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Mwalimu Wakio aliingia karakanani, vumbi hadi kwenye nyusi. Akaiweka kompyuta mezani bila hata salamu.

"Fundi, hii haichapishi."

"Ilipimwa, mwalimu. Alama yake hii hapa. Labda printa yako ndiyo mbovu."

"Printa ni ya kanisa, na kila Jumapili inatutolea ratiba ya ibada."

"Basi ni waya. Au hukuuchomeka sawasawa. Mimi kazi yangu naijua, mwalimu."

Nasima alisikiliza. Baba yake, mtu asiyependa uongo, alikuwa akiutetea uongo wa mwanawe bila kujua.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "tundu hilo sikulipima."

Miraj alitoa maboksi, akachomeka printa. Kimya. Alipoifungua kompyuta, aliona miguu miwili ya tundu imeachana na bodi. Aliilehemu kwa nusu saa tu, na printa ikaanza kukwaruza. Ikatoka barua ya kina mama wa Rukanga, kuomba wafadhili wawawekee bomba la maji.

"Imetoka!" Nasima alisema, akapata tumaini kidogo.

Mwalimu Wakio aliishika ile karatasi, akaisoma hadi mwisho.

"Siku ya mwisho ilikuwa jana, saa sita," alisema. "Nilipeleka niliyoandika kwa mkono, karani wa wafadhili akanirudishia. Walitaka iliyopigwa chapa. Bomba wamepewa wengine. Kina mama wetu wataendelea kubeba mitungi mpaka wafadhili warudi, kama watarudi."

"Nisamehe, mwalimu," Nasima alisema huku machozi yakimtoka.

"Nimekusikia, mwanangu." Mwalimu alichukua kompyuta yake akaondoka.

Miraj alizima kifaa cha kulehemu, akakaa kwenye stuli.

"Kesho tutakwenda Rukanga," alisema. "Utawaeleza kina mama kwa kinywa chako."

"Baba, naogopa. Na nikiomba radhi, maji yatakuja?"

"Hayatakuja. Wiki iliyopita nusu saa ingetosha, leo haisaidii kitu. Kazi ambayo hukuifanya, usiseme umeifanya. Mtu aliye mbali hakuoni ukifanya kazi yake, anakuamini tu, na ukimdanganya ni yeye anayeumia." Akaichukua ile karatasi ya alama. "Hata mimi nina langu la kusema huko. Nilimbishia mwalimu wa watu kabla sijachomeka waya."