Kamera ya Mlango wa Mbele

Giza lilikuwa linaanza kuingia na mimi bado niko juu ya ngazi, vidole vimekufa ganzi, skrubu nyingine imeshadumbukia kwenye theluji. Kwenye simu, mdogo wangu Hector alikuwa akinielekeza kutoka Alberta, upande wa pili wa nchi, huko kwenye visima vyake vya mafuta, utadhani yeye ndiye anayepigwa na upepo.

"Mlango wa mbele, Effie. Maelekezo yanasema kamera ya kwanza ni mlango wa mbele."

Maelekezo! Huku kisiwani kwetu Cape Breton nani hutumia mlango wa mbele? Kila mtu huingilia jikoni, hata polisi. Ule wa mbele hufunguliwa jeneza linapotoka. Mara ya mwisho ulifunguliwa kwa ajili ya Baba. Hector aliyajua hayo yote, lakini ukikaa mbali sana unasahau hata kwenu wanaingilia wapi.

Mimi nilitaka kamera moja ndogo ya betri, jikoni, basi. Yeye akanunua za nje na za ndani, zinazotambua sura za watu na kukutajia majina. Sikubishana naye sana, maana shida yenyewe ilikuwa Mama. Alikuwa ameanza kusahau, na kabla ya theluji alikutwa barabarani na gauni la kulalia. Hector akaapa kwamba akitoka tena peke yake, anapelekwa nyumba ya wazee. Nami nilikuwa nimemwahidi Mama kwamba atafia kitandani mwake. Hizo kamera ndizo zilizokuwa mapatano yetu.

Nilipoingia ndani, Mama alikuwa kitini kando ya jiko, anakunywa chai.

"Umeweka jicho mlango ule?" akaniuliza.

"Hector ndiye aliyetaka, Mama."

"Sasa watajua tunawaona," akanong'ona, akarudi kwenye chai yake.

Nikasema moyoni, ni kusahau kwake tu.

Kuunganisha mitambo ile kulinitoa jasho. Intaneti inakatika. Nywila inakataliwa. Nikamsajili Mama kwa sura yake, mitambo ikasahau, nikamsajili upya. Mwishowe nikaitupa simu mezani, nikaanza kukanda mkate.

Ting.

*Kuna mtu mlango wa mbele.*

Nikachungulia simu. Mwanamke mwenye koti jeusi, ameipa kamera mgongo. Hakuwa anakuja... Alikuwa anatoka.

Nikaenda sebuleni. Mlango umefungwa, komeo limeshika kutu vilevile. Hapakuwa na mtu. Ila palikuwa na harufu... ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Sebule ile haijawashwa mshumaa tangu mkesha wa Baba.

Ting. Ting.

Safari hii mwanamke alikuwa amegeuza uso kidogo. Simu ikaniwekea picha mbili pamoja: Mama kitini, na yule wa mlangoni. Ikauliza: *Je, hawa ni mtu mmoja?*

Nikabonyeza Hapana. Ikauliza tena. Hapana! Ikauliza tena. Mikono yangu imejaa unga, kioo hakishiki vidole, na mashine ya Hector imeng'ang'ana kama mtoto anayedai pipi. Uvumilivu ukaniishia. Nikabonyeza Ndiyo ili ininyamazie.

Ikanyamaza.

Ngo... ngo... ngo.

Kwenye mlango wa mbele.

Mama akaweka kikombe chini. Hapo ndipo nilipokumbuka habari za mtangulizi. Wazee wetu husema ni sura ya mtu inayotoka nyumbani kabla ya mwenyewe kutolewa akiwa jenezani. Hubisha, huonekana, kisha msiba hufuata. Lakini hana nguvu, husema wazee, mpaka mtu wa nyumba hiyo akiri kwamba amemtambua.

Simu ikaita. Hector.

"Effie, simu yangu inasema Mama ametoka. Namwona barabarani, anaelekea kanisani. Mkimbilie!"

"Mama yuko hapa mbele yangu, bwana. Mashine yako mbovu."

"Usinidanganye kwa sababu hutaki apelekwe nyumba ya wazee."

Hasira zikanipanda. Mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ndiye ninayeamka akilia. Nimepanda ngazi kwenye baridi ya kuua kwa ajili ya kamera zake, halafu mwongo ni mimi! Nikamwambia aifungue kamera ya jikoni ajionee kwa macho yake. Kisha nikapiga magoti kando ya kiti, nikaushika mkono wa Mama, nikaunyanyua juu ili auone vizuri. Ulikuwa na joto la kikombe.

"Haya, umemwona?"

Nilisikia pumzi zake tu, zikienda mbio.

"Hector?"

"Dada..." Sauti yake ilikuwa imekonda. "Mimi naona kiti kitupu. Wewe umeshika nini?"

Vidole vya Mama vikanikaza. Akaniinamia sikioni, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya mshumaa.

"Usimjibu," akaninong'oneza. "Mimi nataka kubaki nyumbani."