Kadi Namba Tatu

Kila Jumamosi, kabla jua halijakolea, Chiriku alikuwa ameshafagia studio ya shangazi yake, amepangusa kiti cha wateja na kulikung'uta lile pazia la buluu ambalo watu husimama mbele yake wakipigwa picha za vitambulisho. Jina la Chiriku alipewa na shangazi mwenyewe, maana mtoto huyo wa miaka kumi na miwili akianza kusimulia habari za shuleni, hata saa ya ukutani huchoka. Shangazi alimpenda, lakini kazini hakuwa na mchezo. Msaidizi aliyekuwapo kabla aliangusha lenzi moja tu, akamwaga unga siku hiyohiyo.

Siku za harusi Chiriku alikuwa mtunza kadi, zile kadi ndogo ambazo kamera huhifadhia picha. Zilikaa katika kipochi cha ngozi, kila moja na namba yake. Kadi tupu ilikaa uso juu. Iliyojaa iligeuzwa uso chini. Kabla ya kumpa Shangazi kadi tupu, Chiriku aliitia kwenye kamera ndogo ya akiba na kuifomati, yaani kufuta kila kilichosalia humo ili ianze upya.

"Kadi ni za kipochini," Shangazi alizoea kusema. "Mfukoni hapana, kiganjani hapana, na mdomoni ndiyo kabisa hapana."

Jumamosi hiyo walikuwa na harusi ya muuguzi mmoja. Baba yake, fundi cherehani aliyekuwa na mguu mmoja mbovu, alikuwa amefanya mazoezi miezi mitatu ili amwingize binti yake ukumbini bila mkongojo. Na kweli, mlangoni aliuegemeza mkongojo ukutani, akamshika binti yake mkono, wakaanza kutembea pole pole huku ukumbi mzima umebana pumzi. Shangazi alikuwa ameweka kadi mpya, namba tatu. Alipiga picha kila hatua, akapiga kiapo, pete na sahihi za mashahidi, mpaka kadi ikajaa.

Baada ya hapo watu walitoka uani, chini ya turubai kubwa, kwa picha za familia. Mbingu ilikuwa imebadilika rangi. Shangazi alitazama juu, akaguna.

"Tufanye haraka. Hii imejaa, nipe nyingine," alisema, akimpa Chiriku kadi namba tatu.

Chiriku alikuwa ameshaitoa kadi namba nne kipochini. Sasa alikuwa na kadi mbili kiganjani, na kabla hajageuza ile iliyojaa na kuirudisha mahali pake, upepo ukaja.

Haukuja kidogo kidogo. Ulikuja mzima mzima, ukazoa sahani mezani, ukalibetua turubai upande mmoja. Nguzo ya chuma iling'oka na kuanguka mahali walipokuwa wamekaa wazee muda mfupi kabla. Watu walipiga mayowe. Mvua ya mawe ikaanza kushuka, mawe ya ukubwa wa punje za karanga kwanza, kisha makubwa zaidi, yakiwachapa watu mabegani na kichwani.

"Stoo!" Shangazi alimshika Chiriku mkono. "Kimbia, usitazame nyuma."

Chiriku alikimbia roho mkononi. Kadi zote mbili alizitumbukiza mfukoni mwa gauni lake, kwa sababu alihitaji mikono yake kujikinga kichwa.

Waliishia kwenye stoo ya viti nyuma ya ukumbi, watu kama thelathini wamebanana gizani, maana umeme ulikuwa umekatika. Mabati yalilia juu yao kana kwamba mtu anayamwagia kokoto. Kipande kimoja kilikuwa kimelegea, kikawa kinainuka na kujipigiza, kinainuka na kujipigiza. Kila kilipoinuka, Chiriku alifumba macho. Alikuwa na hakika kwamba paa zima litaondoka, na wao watabaki chini ya mbingu ile. Alimtaka mama yake, na mama yake alikuwa nyumbani, mbali.

Shangazi, aliyekuwa amesimama karibu naye, alikuwa anatazama pembeni, penye mwanga hafifu wa dirisha. Bibi harusi alikuwa amekaa juu ya rundo la viti, gauni limejaa tope, baba yake amemkumbatia, na bwana harusi amewafunika wote wawili kwa koti lake.

"Picha kama hii hairudi," Shangazi alinong'ona. "Nipe kadi, upesi."

Chiriku akaingiza mkono mfukoni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akatoa kadi, akaitia kwenye kamera ya akiba iliyoning'inia shingoni mwake, na kioo kidogo kikawaka na kumuuliza swali lake la siku zote: Futa zote? Siku nyingine angeangalia namba kwanza. Lakini wakati huohuo radi ilipasuka juu ya mabati, akashtuka, na kidole kikabonyeza Ndiyo.

Alipoichomoa kadi, umeme wa radi uliangaza dirishani. Akaiona namba. Ilikuwa tatu.

Kabla hajafungua kinywa, Shangazi alikuwa ameshainyakua kadi na kuisukuma ndani ya kamera kubwa.

Sema, Chiriku alijiambia. Sema sasa. Lakini ulimi ulikuwa umeganda. Akilini alimwona yule msaidizi wa lenzi akitoka studio ameinamisha kichwa. Akajiona yeye.

Flashi ikawaka. Picha ya kwanza.

Tena kulikuwa na jambo alilolijua, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Wakati fulani mteja alileta kadi aliyoifuta kwa bahati mbaya, na Shangazi akazirudisha picha kwa kompyuta. Alimweleza Chiriku kwamba picha zilizofutwa haziondoki mara moja. Hubaki zimelala humo, mpaka picha mpya zije kukalia mahali pake. Zikishakaliwa, basi tena.

Flashi ikawaka. Picha ya pili.

Labda hatajua. Labda atadhani kadi imeharibiwa na mvua. Dhoruba ya nje aliisahau. Hofu yote ilikuwa imehamia kwenye kidole cha Shangazi.

Flashi ikawaka. Picha ya tatu. Katika mwanga wake Chiriku aliuona uso wa yule mzee, amefumba macho, shavu lake juu ya kichwa cha binti yake. Mtu huyo alijifunza kutembea kwa ajili ya leo.

"Shangazi, acha." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Acha kupiga. Hiyo ni namba tatu. Nimeifomati."

Shangazi aligeuka. Gizani uso wake haukuonekana, ila kamera iliteremka taratibu mpaka kifuani.

"Umesemaje?"

"Nilizitia zote mfukoni. Nilipotoa moja sikuangalia. Nimefuta harusi yote." Machozi yalimtoka. "Nilijua tangu picha ya kwanza. Niliogopa."

Mabati yalijipigiza mara mbili, mara tatu. Shangazi alichomoa kadi ile, akaifungia ndani ya leso, akaitia ndani ya begi lake mwenyewe na kuvuta zipu.

"Namba nne iko wapi?"

Chiriku akaitoa mfukoni.

Shangazi akawasha tochi ya simu yake. "Soma namba kwa sauti."

"Nne."

"Haya. Shika tochi, unimulikie," alisema Shangazi. Akaendelea na kazi, na Chiriku akammulikia, mpaka upepo ulipochoka na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kuhesabiana. Kulikuwa na michubuko, na mpishi mmoja alikuwa na jeraha kichwani ambalo bibi harusi alilifunga kwa kitambaa, bado amevaa gauni lake. Paa halikuondoka.

Jumapili asubuhi Chiriku alikaa kando ya kompyuta bila kunena, na studio haikuwahi kuwa kimya vile. Programu ya kurudisha picha ilichukua saa mbili. Picha zilirudi moja moja: sahihi, pete, kiapo, yule mzee katikati ya ukumbi. Picha mia mbili na tisa. Kisha yakaja maboksi matatu ya kijivu, matupu, ambayo Shangazi alijaribu kuyafungua kwa kila njia aliyoijua.

"Ni zile za mlangoni," alisema mwishowe. "Anapouacha mkongojo na kupiga hatua ya kwanza. Hizo zimekwenda." Alizima kioo. "Vaa viatu. Utawaambia mwenyewe."

Nyumbani kwa fundi cherehani walikaribishwa chai. Bibi harusi na mumewe walikuwapo, wametoka kuanika nguo zilizolowa. Chiriku hakugusa kikombe. Alisimama katikati ya chumba na kueleza yote, mfuko, kidole, na zile picha tatu alizoziacha zipigwe huku anajua.

Mzee aliichukua picha waliyomletea, ile ya nne, ambamo tayari yuko hatua tatu ndani ya ukumbi. Aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa wazi kwamba imemuuma.

"Hatua ya kwanza ndiyo iliyonishinda miezi yote ile," alisema. "Ningependa kuiona." Kisha akamtazama mtoto. "Nikuulize, mjukuu wangu. Mle stoo uliogopa nini zaidi, upepo au shangazi yako?"

Chiriku alimtupia Shangazi jicho la pembeni. Lakini alikuwa ameshaanza kusema kweli, na hakuona namna ya kuishia njiani.

"Shangazi," alijibu.

Bibi harusi aliziba kinywa kuficha kicheko. Shangazi hakucheka. Aliweka kikombe chini, akamvuta Chiriku karibu.

"Nisikilize, mwanangu. Kufuta kadi ilikuwa bahati mbaya, na ungesema palepale zingerudi zote. Picha tatu za mzee hazikupotezwa na kidole chako. Zilipotea kwa sababu ulinyamaza. Ukikosea, sema hapohapo, hata kama unatetemeka, maana wakati huo bado kuna la kufanya." Akamgeukia mzee. "Na mimi nimefanya mtoto aogope kuniambia jambo kuliko alivyoogopa paa kumwangukia. Hilo ni kosa langu, mzee wangu, na nimekuja kukuomba radhi kwa hilo pia."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, akaiegemeza picha kwenye cherehani yake, mahali atakapoiona akifanya kazi. Chiriku ndipo alipokaa, akachukua kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa.