Tanga la Gondokoro

Siku Awino aliposhuka uwanja wa ndege wa Juba, ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, mabegi yanamwagwa chini, kila mwenye macho achague lake. Ilikuwa Novemba 2009. Alivaa jinzi, raba nyeupe na blauzi ya manjano iliyomkaa vizuri, nywele kasuka mistari. Waliomgeukia walikuwa wengi, lakini wengi zaidi waliugeukia mzigo wake, maana ulikuwa mrefu kumpita yeye mwenyewe. Afisa wa forodha aitwaye Romano, sare yake imepigwa pasi hadi imesimama, akaugonga kwa kalamu.

"Hii nini?"

"Tanga."

"Tanga nini?"

"Kitambaa cha kushika upepo. Cha mashua."

Kiswahili cha Romano kiliishia hapo. Akasema maneno kwa Kiarabu cha Juba na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Anasema nini huyu?" Awino aliuliza, pua imeshaanza kumtutumka.

"Anasema upepo ya Juba hapana mtu ameshika, hata serikali bado," sauti ya kiume ilijibu nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la buluu lililofuliwa vizuri, na miguuni gambuti zenye tope lililokauka. Mkononi alishika katoni ya mbegu za vitunguu iliyofika kwa ndege ya Entebbe. Alimtazama kama mtu aliyekuja kuchukua mbegu akasahau mbegu.

"Mimi naitwa Lado," alisema. "Fungua tu, dada. Huyu akiona ataridhika."

Basi wakalitandaza tanga palepale sakafuni, yeye kashika pembe hii, Awino pembe ile, watu wamesogea ukutani. Romano alilizunguka mara mbili, akalipapasa, akagonga muhuri. Wale wawili wakabaki wanatazamana juu ya kitambaa cheupe, wala hakuna aliyekumbuka kukikunja. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, nakuhakikishia.

"Mashua yenyewe iko wapi?" Lado aliuliza.

"Kwenye hoteli ya mahema, pale mtoni. Nimekuja kufundisha watu kusafiri kwa tanga. Baba yangu alikuwa mtunza mashua Kisumu. Mimi nimekulia ndani ya hivi vitu."

"Ya salaam! Mimi iko na shamba kisiwani Gondokoro. Bamia, vitunguu, mboga ya mulukhiya. Injini ya mashua yangu inakunywa petroli kuliko mlevi. Tanga inakunywa nini?"

"Halinywi kitu. Unajua kuogelea?"

Lilikuwa swali la kazi, analomuuliza kila mtu. Lado alimeza mate. Awino aliona, akadhani ni haya.

"Mimi? Mimi ni Mbari, madam, kabila ya mto huu. Mbari na mto ni ndugu."

"Basi wewe ni mwanafunzi wangu wa kwanza."

Akawa wa kwanza kweli, na karibu awe wa pekee. Wageni wa hoteli walipenda kuzitazama zile mashua tatu wakiwa na soda baridi mkononi, kupanda hawakutaka. Meneja, Mkenya mwenzake aitwaye Gerishon, mtu wa suruali za kubana na maneno ya kubana vilevile, alimwita ofisini wiki ya pili tu.

"Dada Awino, mimi sitaki mapambo mtoni. Nakupa hadi mwisho wa Januari. Nionyeshe mtu mmoja, mtu wa hapa Juba, anapandisha mto kwa tanga peke yake mpaka kwenye gati langu. Ukikosa, mashua zinauzwa na wewe unarudi nyumbani."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Umpate kwanza."

Awino alimsimulia Lado sharti hilo, wala hakuwa na wasiwasi. Lado alikuwa na mkono mwepesi. Wiki ya tatu alishajua kwamba mto wa Juba unakwenda kaskazini, na kwamba kiangazi upepo hutoka hukohuko kaskazini kuja kusini. Kwa hiyo mto unakupeleka na upepo unakurudisha. Jioni alileta nyanya zilizofungwa kwenye leso, na kila alipofika nyumbani alipiga simu. Alikuwa nazo mbili, kama watu wengi wa Juba wakati ule, na akishindwa kumpata kwa hii alimpigia kwa ile.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula nyanya zako."

"Na mwenye nyanya je?"

"Huyo bado mbichi, nangoja aive."

"Yawa!" Lado alijibu, neno la mshangao alilojifunza kwake, na Awino akacheka hadi jirani wa hema la pili akakohoa.

Siku moja mashuani Awino alimwambia sheria ya kazi yake: "Siku nitakayoshuka nikuachie mashua peke yako, ujue umefaulu."

"Basi mimi hapana taka kufaulu, habibti."

"Shika usukani, wacha maneno!" Lakini moyo ulimdunda, na aliupenda ule mdundo.

Katikati ya Desemba likaja somo la kupinduka. Ni lazima: mwanafunzi lazima aangushwe majini makusudi, ajifunze kuiinua mashua. Awino aliegemea upande mmoja, mlingoti ukalala, wote wawili wakatumbukia. Yeye alitokeza juu akicheka, akangoja. Kikatokea kichwa cha Lado, macho yamemtoka, mikono inapiga maji ovyo. Jaketi la kuelea lilimshika juu ya maji, lakini hofu ilishammaliza; alimkamata Awino shingoni kwa nguvu zote na mkondo ukawazoa wote wawili. Mvuvi mmoja aliwafikia na mtumbwi wake, la sivyo leo tungekuwa tunasimulia msiba.

Gatini watu walikuwa wamejaa: wapishi, wageni, walinzi. Hofu ikamtoka Awino kwa sura ya hasira.

"Hujui kuogelea! Ulinidanganya! Mbari gani wewe usiyejua maji?"

Mmoja akacheka, kisha wengi. Lado alivua jaketi taratibu, akaliweka chini mbele ya miguu yake.

"Mimi nilikimbizwa vita kutoka hapa na miaka miwili, mgongoni kwa mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekulia Koboko, ng'ambo ya mpaka, kwa wakimbizi. Maji yetu ilikuwa ya jerikeni, ya kupanga foleni. Tangu nirudi kila mtu ananiuliza hiyo swali yako. Mbari gani. Wewe peke yako nilidhani hutauliza."

Akaondoka na gambuti zake zikitoa maji kila hatua.

Awino alijichukia. Usiku huohuo alipiga simu ya kwanza, ikaita hadi ikakata. Ya pili, vivyo hivyo. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, bado anapiga. Alipovuka hadi Gondokoro kumfuata, aliambiwa yuko shamba la mbali. Akajua ni njama. Siku moja katikati ya Januari simu ikapokelewa, lakini kwa sauti ya mama mtu mzima, Kiswahili cha sokoni.

"Wewe mwalimu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Naomba kuongea na Lado."

"Mimi Ketty, shangazi yake. Wewe wacha kupiga simu."

"Mama, nilikosea. Niliogopa, nikatamka upuuzi. Mwambie nampenda."

"Hiyo ndiyo shida. Simu ikilia tu, kazi yote inaharibika. Wacha!" Ikakatwa.

Awino aliweka simu chini akalia kama mtoto. Aliona ndiyo basi tena.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Januari. Nguo zilikuwa begini, tiketi ya Nairobi ya kesho yake ndani ya pasipoti. Gerishon alikuwa ameshika neno lake: hadi saa sita mchana, halafu anawapigia wanunuzi. Saa nne upepo wa kaskazini ukaanza kuvuma, upepo mtamu wa kusafiria, na Awino alikaa gatini akauangalia ukipotea bure.

Saa tano na nusu mpishi mmoja akapiga kelele: "Madam! Nini ile?"

Kule chini mto unapopinda, kitu cheupe kilikuwa kinapanda. Kilikuwa tanga, lakini tanga gani jamani! Magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, maandishi ya buluu yamekaa kichwa chini miguu juu. Chini yake mashua ya shamba iliyotolewa injini, imesheheni bamia na vitunguu, na ndani mtu mmoja tu, shati la buluu.

Awino alisimama. "Legeza kamba," alinong'ona. "Legeza, mpenzi, legeza."

Boti la injini likapita kwa kasi na kuinua mawimbi. Mashua iliyumba, tanga likapiga makofi, gati zima likashika vichwa. Mtu yule akalegeza kamba, akasogea upande wa pili, akaligeuza tanga likajaa tena, na mashua ikaendelea kupanda mto kama iliyozaliwa humo.

"Huyo ndiye mtu wako?" Gerishon aliuliza.

"Ndiye mtu wangu," Awino alijibu kabla hajafikiri.

Lado alifika, akashusha tanga, akafunga kamba kwa fundo alilofundishwa. Hakusalimia mtu. Alitoa simu zake mbili mfukoni, akampa Awino azishike, kisha akajirusha majini na shati lake! Watu wakapiga ukelele. Awino nusura amfuate. Lakini kichwa kikaibuka, mikono ikafanya kazi, ikakata maji polepole dhidi ya mkondo, hadi nguzo ya mwisho ya gati, na kurudi. Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani Romano alivisikia uwanja wa ndege.

"Nani kakufundisha?" Awino aliuliza, machozi na kicheko pamoja.

"Shangazi. Yeye alibaki kisiwani vita yote, anajua mto huu kuliko samaki. Alinifunga jerikeni tupu kifuani, kila asubuhi na jioni. Simu ilikuwa ukingoni. Ikilia, najua ni wewe, nasahau kupumua, nakunywa mto mzima."

"Kumbe! Na mimi nikadhani..." Akamshika mkono. "Lado, nisamehe lile neno."

"Lilinichoma. Lakini lilinitupa majini, na mimi nilitaka kuingia siku nyingi. Kalas, imekwisha."

Gerishon alikohoa. "Dada Awino, hao wapishi wangu watatu wanataka wajiandikishe leo. Hiyo tiketi utaipeleka wapi?"

Awino alikuwa anamtazama Lado, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Umefaulu," alimwambia. "Mwalimu kazi yake imekwisha. Leo ndiyo nashuka."

"Shuka, mwalimu," Lado alisema. "Halafu panda tena, lakini panda kama mke wangu. Shangazi amechinja jogoo ng'ambo, anangoja jibu."

"Na nikikataa?"

"Nitakula jogoo peke yangu, nikilia."

Awino alivua raba zake nyeupe, akaingia mashuani. Hakwenda nyuma kwenye usukani alikozoea. Alikaa mbele, katikati ya vitunguu, akamgeukia nahodha wake.

"Jogoo mzima umle peke yako? Haiwezekani. Fungua kamba, mume wangu, twende."

Gati lilishangilia hadi wakafika ng'ambo. Na Jumapili ndege ya Nairobi iliruka na kiti kimoja kitupu.