Vipimajoto Viwili vya Shule Yetu

Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Mama alisema ukiniweka kitini, kiti ndicho kitakachochoka kwanza. Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1958, nilikuwa nimeshateka maji, nimefagia ua na kumfungulia baba lango aende na baiskeli yake kazini mjini, na bado miguu ilikuwa inaniwasha. Kijiji chetu kizima cha Uthiru kilikuwa hivyo. Mvua ya masika ilikuwa imechelewa, vumbi lilifika hadi kwenye uji, na watu walitoka nje kila mara kutazama upande wa milima ya Ngong, mvua inakotokea, kisha wakarudi ndani wakinung'unika.

Uwanjani shuleni kulikuwa na kijumba cheupe cha mbao chenye miguu minne. Ndani yake kulikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kikavu. Cha pili kilivishwa kitambaa chembamba chini, penye zebaki, na ncha ya kitambaa ilizama katika kichupa cha maji. Mwalimu Nzomo alinichagua mimi, Nanjala wa darasa la sita, nivisome kila siku saa tatu asubuhi, nijaze kichupa maji, kisha nitie alama daftarini kuonyesha kwamba nimejaza. Kwetu palikuwa karibu, kwa hiyo hata Jumamosi na Jumapili kazi ilikuwa yangu. Niliringa sana.

Sasa nikwambie ukweli. Kichupa sikukijaza tangu Alhamisi. Ijumaa nilikimbilia kuruka kamba, Jumamosi nikapita mbio, Jumapili nikachelewa kanisani. Lakini alama nilitia siku zote tatu, kwa wino, na mwandiko mzuri kabisa. Jumatatu nikatia ya nne kabla hata ya kufungua kijumba. Kisha nikatazama vipimajoto, wala sikutazama kichupa.

Vyote viwili vilisoma sabini, kwa nyuzi za Fahrenheit za siku zile.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba vikisoma sawa, hewa imejaa maji, haiwezi kubeba zaidi, na mvua huenda iko karibu. Nilimwambia rafiki yangu Waceke, na kufikia mapumziko shule nzima ilikuwa inajua. Waceke alikwenda mbio kwao, ng'ambo ya ua wa shule, akamwambia mama yake.

Mama Waceke hakuwa mtu wa pupa. Alikuja mwenyewe hadi kwenye ua, jembe begani, akaniita.

"Nanjala, una hakika? Mbona sioni hata wingu moja?"

"Maji ya hewani hayaonekani, mama," nikamjibu kama bingwa. "Na imeandikwa daftarini."

"Basi kama imeandikwa, leo napanda. Ila ujue, mbegu ya maharagwe niliyobaki nayo ni kopo moja tu. Nyingine tulikula."

Alikwenda zake. Nami nikarudi darasani nimevimba kichwa.

Mwalimu Nzomo hakuwapo asubuhi ile. Alikuwa amekwenda katikati ya mji kupeleka karatasi zetu za mwezi uliopita kwenye ofisi ya hali ya hewa. Alirudi saa nane, viatu vyeupe kwa vumbi, akaingia moja kwa moja kwenye somo. Alilowesha leso yake, akapita akitupaka maji nyuma ya mikono.

"Pulizeni. Mnasikia nini?"

"Baridi, mwalimu."

"Kwa nini? Maji yanapokauka yanageuka mvuke, na yanapoondoka huchukua joto la ngozi yako. Hewa kavu ina kiu, huyanywa upesi, ndiyo maana kipimajoto chenye kitambaa husoma chini kuliko kile kikavu. Hewa iliyojaa hainywi, kwa hiyo vyote husoma sawa. Hewa hiyo ikipanda juu hupoa, maji yake hugeuka matone madogo, na hayo ndiyo mawingu."

Kijana mmoja, Kilonzo, akainua mkono. "Na kitambaa kikikauka, mwalimu?"

"Basi una vipimajoto viwili vikavu. Vitasoma sawa hata jangwani, navyo vitakudanganya."

Nilitazama mkono wangu. Maji yalikuwa yamekauka hata kabla hajafika dawati la nyuma. Hewa ile ilikuwa na kiu kweli kweli. Dirishani nilimwona Mama Waceke ameinama shambani, anatupia mbegu, anafukia, anasogea. Nilikaa upande huu, nikakaa upande ule. Nikiri, nitanyang'anywa kazi na kuchekwa. Ninyamaze, maharagwe yale yataliwa na mchwa, au manyunyu mepesi yayavimbishe kisha jua liyaue, na kina Waceke hawatakuwa na kitu msimu mzima. Waceke alikuwa ameketi ubavuni mwangu, ananoa penseli, hana habari.

Nilisimama. "Mwalimu, kichupa ni kitupu. Sikukijaza siku nne. Alama ni za uongo. Na Mama Waceke anapanda."

Mwalimu alinionyesha mlango, akasema, "Unangoja nini hapa?"

Nilitoka mbio, Waceke nyuma yangu. Mama Waceke alinisikiliza hadi mwisho akiegemea jembe. Mistari sita ilikuwa imeshafukiwa.

"Utafukua," akasema. "Moja moja, kwa vidole."

Tukafukua, mimi, yeye na Waceke, ambaye alifukua akinipa mgongo. Udongo ulikuwa mkavu kama majivu, ukaniingia kwenye kucha hadi zikatoa damu. Jua lilikuwa linazama tulipojaza kopo tena. Nililia, kwa aibu zaidi kuliko maumivu.

"Kusahau, hata mimi nasahau," Mama Waceke akaniambia. "Ungesema umesahau, ningengoja. Mbegu zangu zilitiwa vumbini na ile alama yako."

Kesho yake Mwalimu Nzomo alinipa kalamu nyekundu, nikaandika "hakikujazwa" mara nne. Nilingoja aseme kazi anampa mwingine.

"Daftari lenye pengo naweza kulisoma, Nanjala," akasema. "Lenye uongo siwezi, kwa sababu sijui uongo umekaa mstari gani. Endelea na kazi yako. Ukisahau, andika umesahau."

Siku kumi na tisa baadaye mawingu mazito yalilala juu ya Ngong. Mama Waceke alikuja kwenye ua, jembe begani kama siku ile.

"Vinasemaje?"

"Kikavu sitini na nne. Chenye kitambaa sitini na tatu."

"Maji umetia?"

"Nimetia saa moja asubuhi, kabla ya kusoma, mama. Jana nilisahau, nikaandika nimesahau."

Alishusha jembe chini. Kisha akamwita Waceke alete kopo la mbegu.