Anayejibu Kalavatini

Jioni hiyo mke wa fundi alitoka jikoni na chupa ya chai mkononi, kama alivyotoka jioni zote za miaka kumi na tisa, akavuka ua kwenda kwenye banda la baiskeli. Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa mapaa. Fundi mwenyewe hakuwepo. Huu ulikuwa mwezi wa saba tangu azikwe, Mungu amrehemu. Kifua kilimlaza siku kumi na moja tu, basi.

Lakini waendesha baiskeli hawakuacha kuja. Wakitoka kazini walikaa kwenye benchi lile lile, kila mtu na swali lake. Zamani walimwuliza fundi. Mnyororo wangu unaruka nikipanda mlima, nifanye nini? Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Umevutika, dereva. Badilisha pamoja na meno ya nyuma, la sivyo meno ya zamani yatakula mnyororo mpya." Breki zangu zinalia. "Rimu ina mafuta, dereva. Isugue kwa msasa." Kila mtu kwake alikuwa dereva, awe na baiskeli mpya au mkweche. Sasa walijibizana wenyewe, wakabishana, wakaharibu, wakachekana.

Jioni hiyo hakuna aliyekuwa anacheka.

"Rudia, dada," alisema mpeleka maziwa, ambaye wote walimwita Kengele kwa kuwa hupiga kengele hata akipishana na kuku. "Rudia polepole. Alikuwa amesimama au amekaa?"

"Amechuchumaa," alijibu mshonaji. "Amenipa mgongo."

Mshonaji huyu alikuwa mwanamke asiye na mume, mwepesi wa kucheka, anayepeleka nguo za wateja kwa baiskeli. Fundi ndiye aliyemfundisha kuziba pancha. Mke wa fundi aliwaona siku hiyo kupitia dirisha la jikoni, vichwa viwili juu ya beseni moja la maji, wakitafuta povu. Hakuwa na neno moyoni. Angalau ndivyo alivyojiambia.

"Haya, shemeji naye aje asikie," Kengele alisema, akasogea kumpa nafasi. Halafu akaonekana kujuta.

Mshonaji alitazama chini. "Wifi, sikutaka nikuambie mimi. Juzi nilipata pancha pale kalavatini, kwenye lile daraja dogo la bomba. Magharibi. Nikaziba, nikajaza upepo, ikatoka tena. Nikaziba tena, ikatoka. Nikakaribia kulia. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu: 'Mwiba bado umo ndani ya tairi, dereva. Pitisha kidole.'"

Hakuna aliyegusa chai.

"Nikageuka. Amechuchumaa ng'ambo ya barabara, kanipa mgongo. Shati lake lile la kaki. Nikapitisha kidole ndani ya tairi, mwiba ukanichoma. Nilipoinua macho... hayupo. Harufu ya gundi tu."

"Umesema juzi," mke wa fundi alisema. "Na jana?"

Mshonaji alivuta pindo la kanga yake.

"Nimekuuliza, wifi. Jana?"

"Na jana," alisema mshonaji kwa sauti ndogo. "Na wiki iliyopita. Mara moja alinishika mkono, akanionyesha namna ya kukaza nati. Ulikuwa baridi, wifi. Wallahi ulikuwa baridi."

Kengele naye akakiri. Yeye hakuona mtu, alisikia tu. "Kiti chako kiko chini, dereva, ndiyo maana magoti yanauma." Akapandisha kiti, magoti yakapona. Mwingine akakohoa, akasema hata yeye. Benchi zima, mmoja mmoja, kila mtu alikuwa amejibiwa.

Mke wa fundi aliweka chupa chini. Miezi saba alikuwa amepiga magoti kila usiku, hakuomba makubwa. Aliomba ndoto moja. Mumewe apite tu mlangoni, hata asiseme kitu. Hakuipata. Na huyu hapa, mwenye cherehani yake na kicheko chake, ameshikwa mkono.

Aliwahi kusikia watu wakisema wivu unachoma. Wake haukuchoma. Ulikuwa kama maji yanayopanda kisimani, taratibu, bila kelele.

Wengine walipoondoka, Kengele alibaki.

"Shemeji, nakujua. Usiende pale."

"Nimesema naenda?"

"Nisikilize. Marehemu aliniambia jambo mwaka jana, nikadhani ananitania. Alisema akitujibu sisi hapa, anamsikia mtu nyuma ya mabati ya banda akirudia. Neno kwa neno. Kwa kunong'ona, kama mwanafunzi anayekariri. Akizunguka kutazama, hakuna mtu. Nyasi zimelala tu, kama palikaliwa. Shemeji, sidhani kama yule wa kalavatini ni yeye. Nadhani ni aliyekuwa akisikiliza."

"Na wewe ulipandisha kiti," mke wa fundi alimwambia. "Ulipojibiwa hukuuliza ni nani."

Kengele alichukua baiskeli yake akaondoka.

Kesho yake, saa ya sala ya jioni, mke wa fundi hakusali. Alitoa baiskeli ya mumewe bandani, akaikokota. Hakujua kuiendesha. Mumewe alijitolea kumfundisha mara nyingi, naye kila mara alisema kesho. Alipofika kalavatini aliilegeza valvu ya gurudumu la mbele, upepo ukatoka kwa mluzi mrefu hadi ukaisha. Akakaa kwenye ukingo wa zege. Akangoja.

Mbingu ikawa nyekundu. Ikawa ya zambarau.

Wadudu walikuwa wanalia majanini. Wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Tik... tik... tik... tik...

Ule mlio wa gurudumu la nyuma mtu anapoacha kukanyaga pedeli na baiskeli ikateleza yenyewe. Alitazama barabara huku na huku. Hapakuwa na baiskeli. Mlio ulikuja hadi nyuma yake, ukasimama. Harufu ya gundi ya viraka ikamjaa puani, na chini yake harufu nyingine, ya matope ya mtaroni.

"Tyubu haijatoboka, dereva," sauti ilisema. "Valvu imelegea. Ikaze kwa vidole, usitumie koleo."

Ilikuwa sauti yake. Hata ule mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa neno. Machozi yakamtoka mke wa fundi kabla hajajua kama analia.

"Baba," alisema. Nyumbani alimwita Baba, kama mtoto wao alivyomwita. "Ni mimi."

Tik...

"Siku ya mwisho, alfajiri, uliniita karibu ukaniambia maneno matatu. Niambie tena. Sitaki kingine."

Tik... tik...

"Mnyororo mkavu hulia, dereva. Weka tone moja la mafuta kwenye kila pini, kisha upanguse."

Mumewe hakuwahi kumwita dereva, hata siku moja. Alikuwa na jina alilomwita, jina la ndani, la watu wawili, ambalo hakulitamka bandani hata mara moja. Kilichokuwa nyuma yake hakikulijua. Kilijua yale tu yaliyosemwa kwenye benchi.

Kengele alikuwa amesema kweli. Hapo ndipo angeinuka. Hapo ndipo angetaja jina la Mungu, akageuka, akakokota baiskeli hadi nyumbani. Alijua hivyo. Alifungua kinywa ataje.

Ndipo akauona, kana kwamba uko mbele yake, mkono wa mshonaji ndani ya ule mkono wa baridi.

"Niambie wewe," sauti ilinong'ona. Ilikuwa karibu na sikio lake sasa. "Alisema nini? Niambie."

"Nikikuambia, utakuja kwangu?"

"Nitakuja."

"Kwangu peke yangu? Huendi kwa mwingine? Huendi kwa yule?"

"Peke yako."

Akakiambia. Akaanza na lile jina, kisha maneno matatu ya alfajiri. Nyuma yake akasikia yakirudiwa, mara ya kwanza kwa kukwama, mara ya pili vizuri, mara ya tatu kama vile mumewe mwenyewe ameinama shingoni kwake. Akafumba macho. Hakuwahi kuwa na furaha kubwa hivyo tangu azaliwe, wala aibu kubwa hivyo.

Toka siku hiyo hakuna aliyejibiwa kalavatini. Mshonaji alipata pancha pale mara mbili akahangaika peke yake hadi giza. Kengele alifika bandani kuuliza kulikoni, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli na benchi limeegemezwa ukutani. "Chai imekwisha, shemeji," aliambiwa kupitia dirishani. Hakuitwa ndani.

Nyuma ya jikoni, kila magharibi, kilikuja. Mke wa fundi aliketi kwenye kigoda akakipa mgongo, maana ndivyo kilivyotaka. Kilimwita kwa lile jina. Kisha kiliuliza.

Alicheka vipi?

Alilala ubavu gani?

Siku ya kwanza alipokuona, ulikuwa umevaa nini?

Naye alijibu kila swali, polepole, akifurahia. Hakuna aliyewahi kumwuliza mambo haya. Watu walikuwa wakimwuliza kuhusu spoki. Sala ya jioni aliiacha kabisa, kwa kuwa sala na mgeni huyo havikuweza kukaa katika saa moja. Halafu asubuhi moja alipiga magoti amwombee marehemu, akafika pale pa kumtaja jina. Akangoja lije. Halikuja; lilikuwa limekwenda pamoja na yote aliyokwisha kuyajibu. Alikaa magotini hadi miguu ikafa ganzi, kisha akainuka akaenda kufagia.

Mwezi wa tisa tangu mazishi binti yake alikuja kutoka kwa mumewe, ana mimba ya miezi minane, kujifungulia kwa mama kama walivyokubaliana. Alimkuta mama amekonda, nyumba safi, picha ya baba ukutani imegeuzwa.

"Mama, mbona picha..."

"Vumbi," mama alisema.

Alasiri hiyo walikaa uani wakikunja vitambaa vya mtoto. Binti alikuwa anacheka peke yake, mkono juu ya tumbo.

"Anacheza huyu! Ataendesha baiskeli kabla ya kutembea. Mama, ule wimbo baba aliokuwa akinibembelezea, ulianzaje? Nakumbuka mwisho tu. Nataka nimwimbie."

Mama aliinua uso. Midomo yake ilijipanga kama ya mtu anayeanza kuimba. Ikabaki hivyo.

"Mama? Kulikuwa na ndege ndani yake, sivyo?"

"Sijui kama kulikuwa na ndege."

"Mama, alikuimbia hata wewe! Ulikuwa unamcheka."

Mama alitazama kitambaa mapajani mwake, akakikunja mara mbili, akakikunjua. Jua lilikuwa limeshashuka hadi usawa wa mapaa.

"Ngoja lizame," alisema. "Nitamwuliza."

"Utamwuliza nani?"

"Baba yako."

Binti alitaka kucheka. Mama alikuwa ameshainuka. Alichukua kigoda, akasimama mlangoni, akamtazama mwanawe, kwanza usoni, kisha tumboni, kwa jicho ambalo binti hakuwahi kuliona kwake. Jicho la mke aliyemkuta mgeni chumbani.

"Wewe kaa ndani," alisema. "Funga mlango, uzibe masikio. Na hata ukisikia sauti yake, usimwite. Umesikia? Wewe una mume wako."