Chura wa Baba Janeth

Kila Jumamosi jioni Festo alikuwa anamwosha Chura. Si chura wa majini. Chura lilikuwa jina la pikipiki yake ya matairi manne, pana, ya kijani, iliyochuchumaa kama inataka kuruka. Watu wa kijiji chake, Kifanya, ndio walioipa jina hilo. Festo aliuza miti yake ya mipaina, akainunua kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inafungwa. Haikuwa ya kubebea mbao wala viazi. Ilikuwa ya raha tu.

"Nimelima tangu ujana," alimwambia mkewe, Telesia. "Na mimi nifurahi kidogo, mama Janeth."

Binti yao Janeth, wa darasa la pili, ndiye aliyemshikia sabuni. Siku baba yake alipotoka na Chura, Janeth alisikiliza. Akisikia mngurumo tu, mbio hadi njia panda kumpokea. Festo alipenda mbio hizo kuliko Chura mwenyewe.

Kujifunza kuendesha? Wapi! Festo alikuwa dereva wa bodaboda Makambako miaka mingi kabla ya kurudi kijijini. "Aliyeweza matairi mawili atashindwa manne?" alisema. Ndugu zangu, mazoea yana taabu.

Pasaka ilipofika, alimpeleka Chura kwa fundi wa pancha.

"Jaza upepo, kijana. Jaza yawe magumu kama ya bodaboda!"

Kisha akapakia watoto mishikaki, kama alivyozoea kupakia watu Makambako. Janeth akakaa mbele, watoto wawili wa jirani nyuma. Hakuna aliyevaa kofia ngumu. Wakateremka kuelekea kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni, huku watoto wakiimba. Festo akakata mteremko kwa ubavu ili kufupisha njia. Tairi gumu likadunda kwenye jiwe. Chura akaanza kuinama.

Festo akafanya kile ambacho dereva yeyote wa bodaboda angefanya. Akashusha mguu chini ili azuie.

Tairi la nyuma likaupanda mguu ule. Chura akapinduka. Watoto wawili wakaangukia kwenye matuta laini, wakainuka na vumbi. Janeth aliangukia mkono, na mkono ukavunjika.

Hospitalini Njombe walimfunga plasta. Mguu wa Festo ulikuwa umeteguka tu. Usiombe kuona mwanaume mzima akilia kwenye benchi la hospitali. Festo alilia, wala hakujificha.

Mfupa ulipona. Lakini Janeth hakushika tena sabuni. Akisikia Chura akiwashwa, alijificha jikoni nyuma ya mlango. Njia panda ikabaki tupu. Jambo hilo lilimuuma Festo kuliko mguu.

"Uza hicho kitu," Telesia alimwambia.

"Nitauza," Festo akajibu. Lakini moyo wake ulisita. Hakujua kosa lilikuwa la nani, la Chura au lake.

Siku moja Jasmine alikuja kuwapa pole. Jasmine alikuwa ameolewa nyumba ya jirani, na kabla ya hapo aliwaongoza watalii kwa pikipiki za aina hiyo hiyo.

"Kamwene, baba. Poleni."

"Kamwene, mwanangu. Karibu."

Jasmine alimtazama Chura kwa muda. "Samahani, baba. Naweza kusema neno?"

Waswahili walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu naye asikie la nani. Festo alikuna kidevu. Kisha akasema, "Sema."

"Umeosha uso wake tu. Pua hujaiosha." Jasmine akafungua kifuniko chini ya kiti, akatoa chujio la hewa. Lilikuwa jekundu kwa vumbi. "Chura anapumulia hapa. Lioshe kwa maji ya sabuni, likauke, ulipake mafuta yake. Na hii oili imekuwa nyeusi, imwage uweke mpya."

"Mbona anang'aa?"

"Kung'aa si afya, baba." Akabonyeza tairi kwa dole gumba. Halikubonyea hata kidogo. "Tairi hili linataka upepo kidogo sana, ili likumbatie ardhi. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko. Ukilijaza kama la bodaboda, linadunda na kukuangusha."

Festo akauliza swali lililomkaa kooni. "Na watoto?"

"Hapana, baba. Huyu ametengenezwa kubeba mtu mmoja, na awe mtu mzima. Abiria anamnyima dereva nafasi ya kuinama na kusogea. Na mteremko usiukate kwa ubavu. Shuka moja kwa moja, polepole, kwa gia ndogo, mwili nyuma. Ukiwa mkali mno, zunguka."

 Festo aliona wazi sasa kwamba Chura hakuwa na kosa.

Jasmine alimfundisha kwenye uwanja wa shule. Festo alivaa kofia ngumu na viatu vizito. Kila alipokata kona, mguu wake wa kushoto ulitoka wenyewe kutafuta ardhi, maana ndivyo ulivyozoea.

"Mguu, baba!" Jasmine alipaza sauti. "Juu! Miguu haishuki!"

Watoto uwanjani walicheka, wakaitikia wote, "Mguu, baba!" Kijiji kizima kikajua wimbo huo.

Ikafika sikukuu ya somo wa kigango, mtakatifu msimamizi wa kanisa la kijiji. Wageni wakajaa. Haruni, kaka yake Telesia, alitoka Makambako na wanawe.

"Shemeji, wazungushe hawa. Raundi moja tu."

"Siwezi, shemeji. Huyu anabeba dereva peke yake."

"Mgeni unamnyima? Siku ya sikukuu?" Haruni akageukia watu. "Jamani, Festo amekuwa mchoyo!"

Watu wakacheka. Festo hakuwahi kumnyima mgeni kitu maishani mwake, na aibu ilimwasha masikio. Akautazama mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi kidogo.

"Niite mchoyo, shemeji," alisema. "Niliwahi kuwa mkarimu, nikamvunja mwanangu."

Kicheko kikakatika. Haruni akainamisha kichwa, akawaambia wanawe waende wakale.

Festo akakagua matairi, breki na oili. Akavaa kofia, akaondoka peke yake, polepole. Penye kona ya njia panda Chura aliyumba kidogo. Mguu wa kushoto ukaanza kutoka.

"Mguu, baba!"

Sauti ilikuwa ndogo, na haikuwa ya Jasmine. Festo akarudisha mguu, akamsimamisha Chura, akageuka. Janeth alikuwa amesimama njia panda, anahema kwa mbio.